Taimauti Nne za Mkuu wa Benchi

Jumatatu, 2 Julai 1956

Nimepata cheo! Mkuu wa benchi wa timu ya mpira wa kikapu ya chuo chetu cha ualimu. Sikukiomba. Basi, nilikiomba mara tatu. Padri Klementi, aliyeuleta mchezo huu kutoka kwao ng'ambo, amesema kwa kuwa siwezi kucheza, afadhali nikae mahali nisipogongana na watu. Nimelipokea neno hilo kama pongezi.

Kazi yenyewe ni kuomba taimauti. Padri ameeleza ubaoni. Mchezo una vipindi viwili vya dakika ishirini. Kila timu inaruhusiwa kuusimamisha mara nne tu, dakika moja kila mara, wachezaji wapumzike, wanywe maji, wapewe maelekezo. Mkuu wa benchi akiinua mkono, mezani wanagonga kengele, mwamuzi anapiga filimbi. Ukiomba ya tano unapewa, lakini kwa adhabu: wapinzani wanatupa mtupo mmoja bila kuzuiwa, halafu wanapewa na mpira.

Dakika nne! Uwanja mzima umesimama, na anayesema ni mtu mmoja. Mtu huyo ni mimi.

Na kuna kubwa zaidi. Tarehe 14 tunakwenda Geita kucheza na chuo cha ufundi cha huko, na Mkaguzi wa Shule, Mwalimu Herman, atakuwapo. Huyo ndiye anayepanga nani akafundishe wapi tukimaliza Desemba. Mwaka jana mwenzetu mmoja alipelekwa mahali ambapo fisi wanalala darasani. Mimi nataka Shinyanga mjini. Kuna mkate. Kuna stesheni. Mkaguzi lazima anione.

Jumatano, 4 Julai

Zoezi la taimauti. Huzuni tupu. Nilianza na shukrani, nikaingia historia ya timu, nikawa naukaribia ulinzi, Onesmo akagonga kengele. Dakika imekwisha. Wachezaji wakarudi uwanjani hawajaambiwa kitu. Wawili hawakuwahi hata maji.

Onesmo ndiye karani wa meza. Anaandika pointi na taimauti zilizotumika. Cheo changu alikitaka yeye, na kila mtu anajua. Amekisoma kitabu cha sheria cha Padri mara mbili, chote, hadi jalada. Akaniambia bila kuulizwa kwamba wapinzani wakifunga mara tatu mfululizo unasimamisha mchezo ili wapoe. Sisi tukiwa tunafunga, usiguse kitu. Na taimauti mbili uzifiche kwa ajili ya dakika tano za mwisho, maana hapo ndipo mechi inapoamuliwa.

Nikamjibu kwamba hayo nilishayafikiria zamani.

Sikuwa nimeyafikiria.

Padri anasema dakika moja inatosha kusema jambo moja tu. Simwelewi. Nimeandika hotuba nne. Ya tatu ni nzuri mno, ina Kilatini.

Jumamosi, 7 Julai

Mechi ya majaribio na wauguzi wa hospitali ya misheni. Heri nisingeamka.

Nkwabi ni nahodha wetu, mtoto wa wafugaji wa Kishapu, mrefu kama nguzo ya simu. Alifunga mara tatu upesi upesi. Wauguzi walikuwa wanagongana wenyewe kwa wenyewe. Moyo ukanijaa. Nikaona huo ndio wakati wa hotuba ya kwanza, nikainua mkono.

Filimbi. Nikahutubia. Wauguzi nao wakakaa chini, wakanywa maji, wakanong'onezana, wakarudi watu wengine kabisa. Hatukufunga tena kwa dakika kumi. Tumeshindwa na timu ambayo mlinzi wake alicheza na aproni.

Padri aliniuliza kwa upole kwa nini niliwapumzisha maadui. Onesmo alikuwa anachonga penseli yake, taratibu, akiniangalia.

Jumapili, 8 Julai

Baada ya Misa alikuja Mama Nkwabi. Amesafiri na lori la pamba kutoka Kishapu, ameketi juu ya magunia, akiwa na kibuyu cha maziwa ya mgando mapajani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akanivuta kando nyuma ya jiko.

Kumbe Nkwabi ana pumu. Padri anajua. Daktari wa misheni amemruhusu kucheza ila apumzishwe mara kwa mara, na akae mbali na vumbi. Mbali na vumbi, Shinyanga, mwezi wa saba!

Mama huyo alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Ni migumu kama gome. "Ng'wana wane, mwanangu," akasema, "huyu kifua chake kibovu tangu nambeba mgongoni. Na akizidiwa hasemi. Anaona haya mbele za wenzake. Wameniambia wewe ndiwe wa kusimamisha mchezo. Basi msimamishie."

Nikaahidi. Niliahidi kwa moyo wangu wote, machozi yalikuwa karibu. Jioni tumekubaliana na Nkwabi: akiweka mkono kichwani, naomba taimauti hapo hapo, bila kumwambia mtu sababu.

Maziwa niliyabeba mimi kumpelekea. Yalifika nusu. Njia ni ndefu.

Jumatano, 11 Julai

Nilikuwa na mpango mzuri. Mchezaji akiumia, mwamuzi anasimamisha mchezo mwenyewe, na haihesabiwi kuwa taimauti. Sasa, mtu akiumia kila ninapotaka? Nitakuwa na taimauti nne za sheria na nyingine kama mvua!

Nikamchagua Jilala, mlinzi wetu, mnene, mwenye uso wa huruma. Nikamfundisha kuanguka nyuma ya bweni. Nikikohoa mara mbili, aanguke ashike goti.

Leo mazoezini nilipaliwa na vumbi. Nikakohoa kweli. Jilala akaanguka. Nikakohoa tena, akaanguka tena kabla hajamaliza kuinuka, safari hii akashika goti la upande mwingine. Padri akamwuliza ni lipi linaloumia. Jilala, kwa kuwa ni mkweli, akaniangalia mimi ili nimwambie.

Padri hakufoka. Afadhali angefoka. Alisema hila nyingine moja tu, na benchi linakwenda kwa Onesmo. Sikula chakula cha jioni. Kilikuwa ugali na mlenda, lakini hata kingekuwa nyama.

Ijumaa, 13 Julai

Safari. Tumeondoka alfajiri juu ya lori, tumepita Kahama, tumepita Ushirombo, tumepita Katoro. Vumbi jekundu mpaka kwenye meno. Nkwabi alijifunika shuka kichwa kizima na hakuzungumza tangu Kahama. Nilikisikia kifua chake juu ya kelele za injini, kinapiga mluzi. Nilimwuliza kama yu mzima. Akatikisa kichwa kwamba ndiyo.

Nimeazima koti la mwalimu wa hesabu. Linanibana kwapani, lakini vifungo ni vya shaba. Mkaguzi atakaa mstari wa mbele, nimeshauliza.

Jumamosi, 14 Julai

Nitaandika yote, hata kama sipendi.

Dakika ya nne ya mchezo, Mkaguzi akafika, akaketi. Tulikuwa sawasawa na Geita, hakuna aliyechoka, hakuna tatizo lolote. Nikaomba taimauti. Nikasimama mbele ya timu, nikatoa hotuba, mkono mmoja mfukoni. Nilipogeuka, Mkaguzi alikuwa ameinama anafunga kamba za kiatu. Dakika nzima! Viatu gani hivyo?

Dakika ya tisa nikaomba ya pili, kusudi anione. Akawa anazungumza na Padri.

Kipindi cha pili kilianza vizuri mno. Tulifunga mara nne bila wao kugusa kikapu. Geita walikuwa wanalaumiana kwa sauti. Hapo hapo nikaona Mkaguzi amekaa wima, amenitazama mimi, usoni. Onesmo alikuwa anatikisa kichwa pale mezani kama mtu anayefukuza nyuki. Nikaomba ya tatu. Nilitoa hotuba yenye Kilatini. Geita wakanywa maji, wakapatana, wakarudi wakatufunga mara tatu mfululizo.

Na ya nne... Ee Mungu wangu. Ya nne sikuiomba. Mkaguzi alipunga mkono. Nikadhani ananisalimu. Nikainua wangu kumwitikia, kwa heshima. Kengele! Filimbi! Timu nzima ikaja mbio kwangu, wamesimama, wananisubiri. Sikuwa na la kusema. Dakika moja nilikaa kimya, na Mkaguzi alikuwa anamwita muuza karanga.

Zilibaki dakika tisa. Sina taimauti hata moja.

Geita walikuja kama mafuriko. Kila wakifunga, vijana wetu wanageukia benchi, na mimi natazama vifungo vya koti. Hata hivyo Nkwabi alitushikilia peke yake. Zikiwa zimebaki dakika mbili tulikuwa tunaongoza, thelathini kwa ishirini na tisa. Watu wote wamesimama.

Ndipo Nkwabi akaweka mkono kichwani.

Nilimwona. Nilimtazama Onesmo. Onesmo akanyoosha vidole vinne, akavikunja kimoja kimoja mpaka ikabaki ngumi. Nikafikiria kumtoa aingie mwingine, lakini kubadilisha ni mpaka mpira usimame, na mpira ulikuwa unakwenda huku na huku bila kutoka nje. Nikafikiria mtupo wa adhabu. Nikafikiria Mkaguzi akisema, huyo ndiye aliyeipotezea timu yake ushindi. Nikafikiria fisi darasani. Niliyafikiria yote hayo nimekaa.

Akaweka mkono kichwani mara ya pili. Safari hii hakuweza kuushusha. Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi ya majivu, na miguu inakwenda pembeni.

Sijui niliinukaje. Sikuinua mkono, nilikimbia. Niliingia uwanjani katikati ya mchezo napiga kelele taimauti, taimauti, koti likachanika kwapani, nikamdaka Nkwabi kabla hajafika chini. Alikuwa mzito na alikuwa anavuta hewa isiyokuja.

Padri akafika. Walimbeba kwenda zahanati ya jirani, wakamchoma sindano. Nyuma yetu mchezo uliendelea. Geita wakatupa mtupo wa adhabu, ukaingia. Thelathini kwa thelathini. Wakapewa mpira, wakafunga. Tumeshindwa kwa pointi mbili. Jilala alilia.

Jumapili, 15 Julai

Nimemwona Nkwabi. Ameegemezwa kwenye mito mitatu, anapumua, sauti ndogo. Muuguzi mmoja, Melania, alinipa dakika chache tu.

Nilimwuliza hali. Akasema anaendelea vizuri. Kisha akaangalia dirishani.

"Thobias, mara ya kwanza nilipoweka mkono, uliniona."

Nikasema nilimwona.

"Mbona ulikawia?"

Nilikuwa na sababu nyingi. Nilizipanga zote vizuri tangu jana. Nkwabi akangoja, halafu akaniomba nimpe maji. Nilimshikia kikombe. Alikunywa kidogo kidogo, akanishukuru. Alinishukuru! Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi za zahanati mpaka Melania akaniomba nihame, wagonjwa wanashindwa kupita.

Alhamisi, 19 Julai

Tumerudi chuoni. Mama Nkwabi alikuwa anatungoja langoni tangu asubuhi. Nilijificha nyuma ya lori. Akanitafuta, akanipata, akanikumbatia mbele ya chuo kizima, maana amesikia kwamba nilikimbia uwanjani. Hakuna aliyemweleza yaliyotangulia. Mimi pia sikumweleza. Nilisimama tu nikakumbatiwa, nikajiona mtu mdogo kuliko kunguni.

Benchi amepewa Onesmo. Hakunicheka. Hilo limeniuma zaidi.

Usiku huu nimeapa. Sitatafuta tena kuonekana na mtu yeyote. Nitafundisha nitakapopelekwa, hata kama ni kwa fisi. Nimeapa kwa dhati.

Jumatatu, 23 Julai

Nimepata mwanga! Nimeipima upya mechi ya Geita, kwa utulivu, na kosa nimeliona. Kosa ni sheria. Taimauti nne ni chache mno kwa mtu mwenye mambo ya kusema. Nimewaandikia wenye mchezo huko ng'ambo, nikapendekeza kumi na mbili. Padri amekubali kuiweka barua kwenye posta, baada ya kuisoma mara mbili.

Na jingine! Mkaguzi anakuja hapa chuoni mwezi ujao kusikiliza mashindano ya kwaya. Nimeomba kuwa kiongozi wa kwaya. Wamenipa, kwa sababu Mageni, aliyekuwa kiongozi, amepata matubwitubwi. Fikiria! Kiongozi wa kwaya anasimama mbele tangu mwanzo mpaka mwisho, na hakuna karani anayemhesabia. Nimechagua wimbo mrefu kuliko yote uliomo kabatini, beti kumi na nne.

Nkwabi amekatazwa michezo, wamemhamishia kwaya, sauti ya chini. Ameniuliza kama katikati ya beti kuna mahali pa kuvuta pumzi. Nimemwambia nitaangalia nikipata nafasi.

Jambo moja tu limenisumbua. Onesmo ananiambia kiongozi wa kwaya huwatazama waimbaji, na wageni huwapa mgongo. Hilo sikulijua. Limeninyima raha tangu asubuhi, lakini sasa nimelimaliza.

Nitasimama nimemtazama Mkaguzi. Waimbaji watanifuata kwa kukisia.