Hesabu ya Wafu wa Kiwanda cha Unga

Jumatatu, 3 Machi
Mwalimu mkuu anataka idadi ya watu waliouawa wakati wa vita, ndege zilipopiga kiwanda cha unga. Itachongwa kwenye jiwe la kumbukumbu. Kazi nimepewa mimi, mwalimu wa historia. Mkutubi wa shule kaomba kusaidia. Nikamwambia mafahali wawili hawakai zizi moja. Akasema haoni hata fahali mmoja.

Jumanne, 4 Machi
Mtandaoni tovuti moja inasema 40, nyingine 112, ya tatu 300. Nimechukua 300. Ina ramani ya rangi. Mkutubi kauliza nani alihesabu, lini, kwa njia gani. Wivu tu. Mama mkwe, tunayeishi naye, alikuwapo siku ile. Alitaka kunisimulia. Nikamweleza kwa adabu kuwa kumbukumbu si takwimu. Akasema haya, baba, akaendelea kuchambua mchele.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeumbuka. Ile ya 300 ilinakili 112, ikajumlisha na majeruhi. Ile ya 112 ilitoka kwenye tangazo la jeshi lililoshambulia, lililodai wote walikuwa askari. Ile ya 40 haisemi ilikotoka. Mwalimu mkuu kaniuliza mbele ya wenzangu kama majeruhi nao nimewazika. Wakacheka. Nikacheka nao, roho inauma.

Ijumaa, 7 Machi
Nimerudi nyumbani, namkuta mkutubi sebuleni kwangu na daftari. Mama mkwe anataja majina, nyumba baada ya nyumba, mtaa ulivyokuwa. Mpima mizani na mkewe. Wapakiaji saba. Ndugu wawili washona magunia. Kila jina mkutubi anauliza nani mwingine analikumbuka. Saa tatu nzima. Majina hamsini na saba. Mke wangu analia jikoni, hajawahi kuyasikia. Mimi, mkwe wake kwa miaka kumi na moja, sijawahi kuuliza. Nilisimama mlangoni, viatu mkononi.

Jumapili, 9 Machi
Nimempelekea mama mkwe chai. Nikamuuliza kama wote wamo. Akasema yupo mwanawe wa kwanza, wa siku nne. Alikuwa hajapewa jina, kwa hiyo mama hakuwa na jina la kumtajia mkutubi.
“Nilimzika ndani ya mfuko wa unga, mwanangu. Sanda hazikutosha.”
Nikamshika mkono. Tulikaa hivyo hadi chai ikapoa.
Maskini mama.
Lakini hiyo ni hamsini na nane, na mkutubi ana hamsini na saba! Kesho namtangulia kwa mwalimu mkuu. Akiuliza chanzo, nitamwambia mtandaoni. Tovuti yenyewe naiunda leo hii.