Kupandishwa Hadhi kwa Ng'ombe wa Milembe

Asubuhi moja ya mwezi wa saba, jua likiwa limekausha hata mate ya mbuzi, gari jeupe lilizunguka Nkololo likitangaza kwa kipaza sauti kwamba kata hiyo, kwa mamlaka iliyokasimiwa, sasa ina msitu wa mvua wa kitropiki.

"Wananchi mnaombwa kuwa watulivu," kilisema kipaza sauti. "Msitu ni salama. Msiukate, msiulishe, wala msiuogope."

Wananchi walikuwa watulivu. Walisimama kidogo na marobota yao ya pamba, wakatazama mashariki, wakatazama magharibi, wakaona migunga na vumbi vile vile vya jana, wakaendelea na safari yao.

Ndani ya gari alikuwamo Ndugu Tumsifu, Mratibu wa Ofisi ya Misitu ya Kitropiki na Wageni wa Kujitolea, ofisi iliyokuwa na chumba kimoja mjini Bariadi, bendera mpya, na katibu mahsusi aitwaye Ikupa. Tumsifu hakuwa mwongo. Jambo hili lisemwe mapema, kwa kuwa watu wa Nkololo wamemsingizia mengi. Shirika moja la ng'ambo, lenye vijana wanaovuka bahari ili kuwahudumia wanyama wa misituni bila ujira, lilimuuliza kama mkoa aliopangiwa kazi una msitu wa kitropiki. Aliulizwa kwa heshima. Naye, akijua kwamba mikoa mingine imejaliwa milima yenye ukungu na maporomoko ya maji, aliona kwamba kujibu "hatuna" kungekuwa kuudhalilisha mkoa mbele ya wageni. Akajibu kwamba upo, na kwamba unakaribisha. Baada ya hapo lilibaki suala dogo la utekelezaji.

Utekelezaji uliiangukia ngitili ya Milembe.

Milembe alikuwa mjane. Marehemu mumewe alimwachia kundi la ng'ombe, na pamoja nalo eneo la nyasi na migunga lililozungushiwa uzio wa minyaa. Eneo la namna hiyo Wasukuma huliita ngitili: hufungwa wakati wa mvua ili nyasi zikue, na hufunguliwa kiangazi kinapouma na malisho ya kwingineko yamekwisha. Ng'ombe wa Milembe walikuwa wakitafuna mabua makavu ya mahindi kwa uvumilivu, wakijua, kama ng'ombe wanavyojua, kwamba mwezi wa nane mlango utafunguliwa. Bila ngitili ile, kundi lisingeziona mvua.

"Mwangaluka, mayu," Luhaga, mwenyekiti wa kijiji, aliyemsindikiza Mratibu, alimwamkia mama huyo kwa Kisukuma. Alitazama chini kama mtu aliyeangusha sindano.

"Mwangaluka. Mmekuja na bendera. Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, mama," alisema Tumsifu. "Kinyume chake. Eneo lako limepandishwa hadhi. Sasa ni Msitu wa Mvua."

Milembe aliinua uso, akaitazama mbingu, ambayo haikuwa na wingu hata la kuazima. "Mvua yenyewe iko wapi?"

"Hilo ni la idara nyingine."

"Na ng'ombe wangu?"

"Mifugo hairuhusiwi kuingia msituni. Huharibu uoto wa asili."

"Uoto huo si ndio niliowatunzia? Mwezi wa nane wale nini, baba? Bendera?"

"Suala la malisho limepokelewa, na linafanyiwa kazi katika ngazi husika."

Milembe akamgeukia mwenyekiti. "Luhaga, huyu bwana anasemaje?"

"Anasema hapana, mayu," alijibu Luhaga. "Ila anaisema kwa urefu."

Bendera ikasimikwa mlangoni pa ngitili, na mlango ukafungwa kwa mnyororo. Milembe alibaki amesimama pale na fimbo yake mpaka vumbi la gari likatulia. Nyuma yake ng'ombe nao walisimama, wakiutazama mnyororo.

Wageni wakafika. Walikuwa vijana wenye adabu, waliovaa viatu vya mpira vya kufika magotini na makoti ya mvua ya rangi ya majani. Kiongozi wao, binti aitwaye Birgit, alikuwa amejifunza Kiswahili vitabuni na alikisema kwa usafi uliowatia haya wenyeji. Mratibu mwenyewe aliwatembeza msituni. Matembezi hayo yalikwisha upesi, kwa kuwa mtu akisimama katikati ya msitu ule aliweza kuzungumza na watu waliokuwa pande zake zote bila kupaza sauti.

"Samahani, Bwana Mratibu," alisema Birgit. "Nyani wanaishi upande gani?"

"Nyani wa hapa wana haya," alisema Tumsifu.

"Na chui?"

"Hao wana haya zaidi."

Birgit aliandamana na wenzake kila alfajiri, wakijificha vichakani bila kuongea. Waliona kanga, sungura, na kobe mmoja aliyepita bila haraka. Vijana walianza kunong'ona. Ikasikika kwamba shirika, lisipoona wanyama wakubwa, litauhamishia mradi nchi nyingine. Siku hiyo Tumsifu hakula chakula cha mchana. Akaitisha kamati.

Kamati ilikuwa Tumsifu, Ikupa na Luhaga.

"Bosi, tuseme ukweli," alisema Ikupa. "Wageni wanapiga picha za ng'ombe wa Mama Milembe tu. Ndio wakubwa waliopo. Ng'ombe hao wanasimama nje ya minyaa wakichungulia ndani, kama watu waliofika harusini bila kadi."

Tumsifu alikuwa mtu wa kanisa, na hapo akakumbuka ya kwamba Adamu aliwapa wanyama wote majina yao, na kwamba hakuna mahali palipoandikwa kuwa zoezi hilo lilifungwa. Zaidi ya hayo, Adamu alifanya kazi peke yake, bila kamati, na uamuzi wake unaheshimiwa mpaka leo.

"Wapandishwe hadhi," alisema.

"Kina nani?" aliuliza Luhaga.

"Ng'ombe."

Luhaga alikohoa. "Wapande wawe nini, mheshimiwa?"

"Wanyamapori."

Gari jeupe likazunguka tena. Kipaza sauti kikaeleza kwamba ng'ombe wote wa Bi Milembe, kuanzia saa hiyo, ni wanyamapori wa Msitu wa Nkololo, na kwamba yeyote atakayewapiga, kuwafukuza au kuwachinja atahesabiwa kuwa jangili bila kujali cheo chake. Wazee waliokuwa wakicheza bao waliacha kete mikononi. Mmoja akauliza kama mbuzi nao wanaweza kuomba.

Milembe alisikiliza tangazo mpaka mwisho, kisha akamfuata Mratibu mlangoni pa ngitili.

"Baba, nieleweshe mimi mjinga. Mnyamapori anakula wapi?"

"Msituni, mama. Msitu ndio makazi yake."

"Hazuiwi?"

"Nani amzuie? Ni haki yake."

"Na mimi ni nani kwake?"

"Wewe ni jamii inayozunguka hifadhi."

"Wabeja sana," alishukuru Milembe. Alikuwa amekwisha kuuondoa mnyororo kabla Mratibu hajafikia nukta. Kundi likaingia kwa msukumano mkubwa, na wageni, vichakani, wakalia machozi ya furaha. Fahali mkubwa mwenye doa jeupe usoni, aliyekuwa akitangulia wenzake, walimpa jina la Mfalme.

Wiki zile zilikuwa njema. Nyasi zilishuka, mbavu za ng'ombe zikajificha, na picha zikavuka bahari. Shirika likaandika kwamba halijapata kuona wanyamapori watulivu kiasi kile. Ndipo ikaja habari kwamba Mgeni Rasmi, mkubwa mwenye mwili wa kutosha na msafara wa kutosha, atakuja kuuzindua msitu.

Mgeni Rasmi hali maharage. Hilo lilijulikana. Tumsifu akaenda tena kwa Milembe.

"Mama, tutamhitaji yule fahali."

"Fahali yupi? Mimi nina fahali?"

"Yule mwenye doa."

Milembe aliacha kupepeta mtama. Sauti yake ikapungua. "Baba, yule ndiye mbegu ya kundi zima. Ukimwondoa yule, mwaka kesho sina ndama. Chukua jogoo. Chukua na kuku wote."

"Huelewi utaratibu. Wanyamapori si mali ya mtu binafsi. Ni mali ya umma, na umma una wageni. Baada ya uzinduzi, kundi lote litakabidhiwa kwa shirika pamoja na msitu, kwa maandishi."

"Kundi lote?"

"Ungependa tuukabidhi msitu mtupu?"

Usiku ule watu wa jirani walimwona Milembe amekaa mlangoni pa ngitili, kanga imemfunika kichwa. Alfajiri watumishi wa ofisi walikuja wakamchukua fahali, na yeye hakupiga kelele. Alijifunga kibwebwe, akaenda kwanza kwa wageni.

Uzinduzi ulifana. Turubai lilifungwa kando ya msitu, kwaya iliimba, na sungusungu wa kijiji walisimama kwa safu, mishale mgongoni, wakilinda amani. Hotuba zilikuwa ndefu. Pilau ikaletwa, na nyama ya kuchoma kwenye masinia. Mgeni Rasmi aliuliza nyama gani laini namna ile, Tumsifu akajibu kwa unyenyekevu kwamba ni mchango wa wananchi. Mratibu mwenyewe alikuwa ameshika ubavu mkubwa kwa mikono miwili wakati Birgit alipotokea, amekumbatia ngozi mbichi yenye doa jeupe, nzi wakimfuata.

"Huyu ni Mfalme," alisema Birgit, na machozi yakamtoka. "Mama Milembe aliniambia nitafute ngozi. Wamemuua Mfalme. Nimewapigia simu askari."

Askari wa wanyamapori hawakuchelewa, kwa kuwa walikuwa wamealikwa. Mkuu wao, Afande Hemed, alikuwa ameketi viti vya nyuma na sahani yake ya wali mtupu akisubiri zamu ya nyama. Aliinuka, akafuta midomo, akaja mbele.

"Bwana Mratibu. Hiyo uliyoshika ni nini?"

"Ni... ni ubavu, Afande."

"Wa mnyama gani? Maana kama ni wa wale wa msituni, hizo ni nyara za serikali, na hapa nina washitakiwa kuanzia meza kuu mpaka kwaya. Nilipewa tangazo lako mwenyewe. Limesema bila kujali cheo."

Meza kuu iliacha kutafuna. Mgeni Rasmi akamtazama Tumsifu kwa macho ambayo katika utumishi hutangulia uhamisho.

"Sema ni ng'ombe, bosi," alinong'ona Ikupa kutoka nyuma. "Ujangili ni gereza. Uongo kwa wafadhili ni barua ya onyo tu."

Tumsifu aliyapima hayo mawili. Alikuwa mtu wa maamuzi. Akaomba kipaza sauti, akasimama, na sauti yake ikasikika mpaka kwenye vilima.

"Ndugu wananchi. Kumetokea mkanganyiko wa tafsiri. Mnyama huyu alikuwa ng'ombe. Wenzake wote ni ng'ombe, na walikuwa ng'ombe tangu kuzaliwa. Hapa hapana msitu. Hii ni ngitili ya Bi Milembe. Mheshimiwa anaweza kuendelea kula."

Mheshimiwa akaendelea. Wageni wa ng'ambo wakatazamana ndani ya makoti yao ya mvua.

"Kama ni ng'ombe, mimi simo," alisema Hemed. "Ila ng'ombe ana mwenyewe. Alikuuzia?"

Sauti ikatoka kwa wanawake waliokuwa wakigawa maji.

"Mwenyewe ni mimi," alisema Milembe. "Sikumuuza. Sikumtoa. Walikuja alfajiri wakamfungua. Kijiji kizima kimesikia kwa kipaza sauti kwamba ni ng'ombe wangu."

Kuna makosa ambayo Wasukuma humsamehe mtumishi wa serikali, na ni mengi, maana uvumilivu wao ni mkubwa. Kuiba ng'ombe hakumo. Safu ya sungusungu, ambayo tangu asubuhi ilikuwa imewapa mgongo wageni ili iwalinde, iligeuka taratibu ikawapa uso. Luhaga mwenyekiti akausogeza mfupa wake, kwa kidole kimoja, mpaka kwenye sahani ya jirani.

Tumsifu alimkimbilia Hemed, akanyoosha mikono yote miwili ili afungwe pingu. Mkono mmoja bado ulikuwa na ubavu.

"Afande, sasa nimekumbuka vizuri. Alikuwa mnyamapori. Mkali sana. Nikamate."

"Haiwezekani, Bwana Mratibu. Umemfuta mwenyewe hadharani. Mimi sina mamlaka juu ya ng'ombe."

"Hata kidogo?"

"Hata mkia."

Mgeni Rasmi, nyuma ya kilima kidogo cha mifupa, alianza kuwaeleza walio karibu, kwa upole, kwamba yeye tangu utotoni hali nyama.

Milembe akasogea, akamwekea Mratibu maji ya kunawa. "Maliza kula kwanza, baba," alisema. "Kuiba ni dhambi, na kutupa chakula ni dhambi ya pili. Wazee watakungoja."

Dagashida, baraza kuu la wazee, lilikaa siku iliyofuata, na halikusoma mwongozo wowote. Liliamua kwamba mkosaji alete fahali mwingine wa kimo kile kile, na kwamba mpaka apatikane, mkosaji atalichunga kundi la mjane yeye mwenyewe, asubuhi hadi jioni, bila ujira. Birgit, aliyeamua kubaki ajifunze mambo ya ngitili, alimwazima viatu vya mpira.

Fahali wa kimo kile ni adimu Simiyu. Mpaka leo, kila anayepiga simu ofisini Bariadi hujibiwa na Ikupa kwamba Mratibu yuko uwandani pamoja na wanyama. Na ni mara ya kwanza, tangu ofisi hiyo ifunguliwe, jibu hilo kuwa la kweli.