Tuta la Mama Meshack

Jumatatu, 3 Februari

Hasira tupu. Hata chai imenishinda. Mama Meshack, jirani yangu, ameinua tuta la udongo kukatiza barabara ya mtaa, mbele ya geti la shule ya msingi. Hakumwomba mtu ruhusa! Anadai sisi wa bajaji tunapita pale kama tunafukuzwa na nyuki. Alisema "sisi wa bajaji", lakini macho alinikazia mimi.

Na Ijumaa ndiyo Mwalimu Mkuu, Mwalimu Hilda, anachagua bajaji ya kubeba watoto wa awali mwaka mzima. Tumebaki wawili: mimi, na Hamidu wa Kondoa, anayeendesha kama amepakia mayai. Mimi sifa yangu ni mwendo. Majengo hadi shuleni, dakika nne! Kwa tuta hili nitalingana na Hamidu. Mke wangu Dorkasi kasema watoto si nyanya za kuwahishwa sokoni. Huyu hajui biashara.

Jumanne, 4 Februari

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Zangu zimejaa kichwa. Kulima barabarani ni marufuku, si ndiyo? Nimepeleka barua ofisi ya mtaa: kuna mkazi analima matuta mbele ya shule. Uongo uko wapi? Tuta ni tuta. Mtendaji, Mzee Obedi, alivaa miwani akauliza ni matuta mangapi. Nikamjibu moja, ila limenona. Kaahidi mtaalamu kesho. Nimejitolea kumleta mwenyewe, bure.

Jumatano, 5 Februari

Mtaalamu ni bwana shamba! Nilitegemea mtu wa katapila. Huyu, Masudi, alipanda bajaji yangu na jembe na mzigo wa marando ya viazi vitamu. Alipoliona tuta akatikisa kichwa. Nikafurahi. Kumbe anasikitika kwamba ni fupi! Mvua hizi viazi vitaoza, akasema, liongezwe shubiri moja.

Mama Meshack, ambaye hakuwahi kuwaza kiazi, alishukuru kwa adabu na kupokea jembe. Marando yakapandwa ncha zote mbili, katikati pakaachwa bila marando, magari yapande na kushuka. Mzee Obedi akatangaza kwamba ni viazi vya watoto, na atakayeligusa tuta ana kesi. Na mtu wa kumrudisha bwana shamba alikuwa mimi.

Alhamisi, 6 Februari

Niliamua kumwonyesha Mwalimu Hilda kwamba kwa dereva wa kweli tuta si kitu. Saa nne, wakati wa mapumziko, mwalimu akiwa barazani. Nikalivaa kwa kasi yote.

Bajaji iliruka. Ikalala ubavu kwenye marando. Kioo kimepasuka, kiwiko kimechubuka, shule nzima imecheka. Hatua tatu mbele alisimama binti yangu Jenifa wa darasa la pili, ameshika kopo la kumwagilia. Yeye hakucheka.

Dorkasi kasema kama si tuta lile ningemgonga mwanangu. Nikamwambia kama si tuta lile mtoto asingekuwa barabarani anamwagilia. Usiku huu nimeamka mara tatu kumfunika Jenifa shuka, nadhani ni baridi ya mvua.

Ijumaa, 7 Februari

Hamidu! Wamempa Hamidu! Nilikuwa nimevaa shati la harusi.

Mwalimu Hilda akaniambia mbele ya kamati nzima: "Baba Jenifa, wewe tumekupa kazi ya kusimama."

Nikakabidhiwa kibao cha mbao kilichoandikwa SIMAMA, niwavushe watoto asubuhi na mchana hadi bajaji itoke gereji. Hamidu alinipa pole. Ya kinafiki, naijua.

Jumatatu, 10 Februari

Jamani, mtaa huu umejaa wahuni! Bodaboda wanapita mbele ya watoto bila hata kupunguza mwendo. Nimewafokea mpaka sauti imekauka. Serikali iko wapi?

Ila kibao kina raha yake. Nikikiinua, Hamidu lazima asimame. Leo watoto walewale nimewavusha mara nne, kwenda na kurudi. Jenifa amechelewa kipindi cha kwanza.

Bajaji inatoka gereji Jumatano. Na kusimama pale kumenifaa, nimepima kwa macho. Kushoto mwa tuta, kati ya marando na mtaro, pana upenyo wa bajaji kupita bila kugusa breki. Ni pale watoto wanaposubiri kuvuka, lakini honi ninayo.