Chumba chenye Mlango Unaofungwa

Jumatatu, tarehe 4

Simu ya mkurugenzi wa ukumbi wa muziki imenikuta na uji nyweleni. Uji si wangu. Anasema Jumamosi wapigaji wake wanne watapiga kipande changu, kisha kile cha Bwana Kimya. Atakayependeza zaidi atakuwa mtunzi wa ukumbi mwaka mzima. Atapewa chumba. Nikauliza kama kina mlango. Akasema vyumba kwa kawaida huwa nao. Unafungwa? Unafungwa.

Nimeketi sakafuni nikalia kidogo. Humu ndani mlango unaofungwa ni wa choo tu, na hata huo binti yangu wa mwaka na nusu ameshaujulia.

Bwana Kimya, kwa asiyemjua, hutunga muziki wa watu kushika fidla bila kuzipiga. Wataalamu hulia wakimsikia. Mimi natunga sauti. Ushamba wangu.

Jumanne, tarehe 5

Dakika mbili za kipande bado hazijaandikwa. Mpango: kumlaza mtoto mchana kwa muziki wangu mwenyewe. Alianza kupiga yowe kwenye noti ya nne. Nikamwekea wa Bwana Kimya. Usingizi wa pono! Saa mbili nzima. Nimemaliza kipande kwa uchungu mkubwa.

Jumatano, tarehe 6

Mtoto amekula karatasi ya noti za fidla ya pili. Hakuichana. Kaila. Nimemwambia hapana, nikamtoa kona ya mwisho mdomoni, nikambusu. Akanyoosha mkono achukue ya selo, ile fidla kubwa. Hapana ni hapana, mama.

Hapo nikapata wazo. Nimechapa upya kwenye kadi ngumu, isiyotafunika. Kadi moja kwa kila mpigaji, mbele na nyuma, na zote nne upande wa mbele nimeuishiza mahali pamoja pa muziki, nisisumbuke kuhesabu mara nne. Akili nyingi! Wifi yangu, mshonaji, alikuja kuazima pasi akasema zinapendeza kama kadi za mwaliko. Wivu.

Ijumaa, tarehe 8

Mazoezi. Katikati kabisa, palipo patamu, wapigaji wote wanne wakashusha pinde kwa pamoja ili wageuze kadi. Ukumbi kimya kama kaburi.

Wageuzaji hupishana: mmoja anageuza, wenzake wanapiga. Hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza analijua hilo. Mama wa selo, mtu mzima wa heshima zake, akaniuliza, haya binti, sisi sote tukigeuza, nani anabaki kupiga?

Ningeweza kusema nimekosea. Kuchapa upya ni kazi ya nusu saa. Lakini Bwana Kimya alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani, anatabasamu. Nikasema ndiyo nia yangu, mama. Ni pumzi. Akasema pumzi ya namna hiyo kwao huitwa pumu.

Maji nimeyavulia nguo. Nitayaoga.

Jumamosi, tarehe 9

Onyesho la alasiri. Wifi alikuwa na gauni la mteja la kumalizia, kwa hiyo nikaenda na mtoto.

Pumu ikafika. Kadi zikageuka: kwa! kwa! kwa! Ya nne ikaanguka chini ya kiti. Watu wakadhani tumemaliza, wakapiga makofi. Mwanangu akautangazia ukumbi mzima kwamba imeisha. Kadi ikaokotwa, muziki ukaendelea, makofi yakafa moja moja kwa aibu. Mwanangu akadai, kwa kilio, kwamba aliambiwa imeisha.

Bwana Kimya akainuka akaniita mwizi mbele za watu. Eti nimemwibia ukimya wake. Nikamwambia anionyeshe alipouandika. Miaka mitatu nimelitunza jibu hilo!

Mkurugenzi akaja machozi yakimlenga. Hajapata kuona, anasema, watunzi wawili wenye roho moja namna hii. Hawezi kuchagua. Tumeshinda wote wawili. Chumba ni kimoja. Meza mbili, zinatazamana.

Jumapili, tarehe 10

Nimekwenda kukitazama. Mlango wa mbao nzito, ufunguo mpya, ukiufunga husikii hata magari. Niliufunga nikasimama tu pale katikati. Nilisahau hata kutunga. Kisha nikaona karatasi aliyokwisha kuibandika Bwana Kimya ukutani: wanaopumua kwa nguvu wapumulie nje.

Wifi anashauri nimwendee kiungwana, tugawane siku. Yeye asubuhi, mimi mchana, mtoto abaki kwake akichezea vitambaa. Wifi ni mtu mwema. Mikakati ndiyo hana.

Mimi nimeamua hivi. Kesho naingia na mtoto. Na sufuria zake tatu, na mwiko. Na godoro lake dogo, na uji. Kila siku, asubuhi hadi jioni, mpaka mwenzangu ashindwe mwenyewe ahame. Nampa wiki moja.

Akishaondoka tu, tunafunga ule mlango, mimi na binti yangu ndani, na hapo ndipo nitakapotunga kwa utulivu.