Daftari la Wanaostahiki Sindano

Natangaza, kwa cheo changu cha Katibu mstaafu wa Kamati Maalumu ya Utayari, kwamba mji wetu wa Santa Rufina ulikuwa tayari kuua watu kabla taifa halijaruhusu. Sisemi haya kwa kujisifu. Nasema kwa sababu majalada ya kamati yameliwa na mchwa, na mchwa hawaitwi kutoa ushahidi.

Mambo yalikuwa hivi. Adhabu ya kifo ilikuwa imefutwa nchini, na sasa wabunge kule Manila walikuwa wanabishana kuirudisha. Mbunge wa wilaya yetu alikuwa hajui aegemee wapi. Akatuma waraka, akiahidi kupiga kura pamoja na upande wenye miji mingi: kila mji ulete azimio la kuunga mkono au kupinga, na ukiunga mkono, uambatanishe daftari la wakazi ambao sheria ingewahusu, walau jina moja, isije ikawa sheria ya watu hewa. Miji sita iliunga mkono, sita ikapinga. Ikabaki Santa Rufina.

Meya wetu, Mheshimiwa Teofisto Malabrigo, hakupenda kupitwa na maendeleo ya aina yoyote. Ndani ya wiki mbili tulikuwa na Chumba cha Utulivu wa Kudumu, ambacho zamani kilikuwa stoo ya viti vya plastiki nyuma ya kituo cha afya. Kilipakwa rangi ya waridi. Kiliwekwa kiyoyozi, kitanda chenye mikanda cha kumlaza wa kudungwa sindano ya kifo, picha ya Mtoto Yesu, na mlangoni sanduku la maoni, kwa mteja atakayependa kusema neno baada ya kuhudumiwa. Kalamu nilishauri ifungwe kwa kamba. Watu wa mji huu ni wezi wa kalamu.

Wakili mmoja wa parokia alisimama kikaoni akasema sheria mpya haiwezi kurudi nyuma kumkamata mtu kwa kosa la mwaka jana.

"Gari lako lina gia ya kurudi nyuma?" Meya akamuuliza.

"Linayo, Mheshimiwa."

"Basi usitufanye sisi wajinga."

Kamati ililipokea jibu hilo kama maoni ya kitaalamu.

Kanuni niliziandika mimi, vifungu thelathini na kimoja. Isipokuwa kifungu cha tisa, ambacho Meya alinisomea mwenyewe, mlango umefungwa: *Sheria hii haitamgusa ndugu yeyote wa Meya, hadi daraja la nne, awe ndugu wa damu, wa ndoa au wa ubatizo.* Meya alikuwa na mpwa, Jonjon, mwenye pikipiki nne na asiye na kazi. Jonjon alikuwa anauza kitu ambacho mji mzima ulikijua, kasoro polisi.

Jina la kwanza katika daftari lilikuwa la Rodel Dacanay, dereva wa bajaji, miaka thelathini na miwili. Polisi walikuta kipakiti cha dawa za kulevya chini ya kiti cha abiria, dakika tano baada ya Rodel kumshusha Jonjon. Muswada ulikuwa unaua kuanzia gramu hamsini. Kipakiti kilipimwa pamoja na bahasha, na bahasha pamoja na chupa ya mchuzi wa samaki ambayo askari walikuwa wameisahau juu ya mzani tangu chakula cha mchana. Gramu hamsini zikavukwa kwa mbali.

Mama yake, Luming, alikuwa anauza bibingka mbele ya geti la halmashauri, na mikate yake hiyo ya mchele ndiyo iliyokuwa staftahi ya kamati. Asubuhi moja aliacha jiko likiwaka akaja dirishani kwangu.

"Katibu, mwanangu umemwandika namba moja?"

"Ni kwa alfabeti tu, mama."

"Dacanay ndiyo ya kwanza kwa alfabeti? Kina Abad wako wapi?"

"Wako serikalini."

Alikuwa ameshaanza kampeni yake. Wiki tatu alizunguka nyumba kwa nyumba na karatasi ya kupinga adhabu ya kifo, akapata sahihi kumi na tisa, na kati ya hao kumi na saba walimwomba asimwonyeshe mtu. Aliomba kibali cha maandamano, nasi kama watu wa demokrasia tukampa: mtu mmoja, upande wa kivuli, bila sauti. Alisimama pale siku nzima na bango lake. Aliyesoma ni mbwa wa fundi viatu.

"Nataka kuziona hizo kanuni," akasema.

"Zimebandikwa hadharani, mama, kama taratibu zinavyotaka."

"Hadharani wapi?"

"Nyuma ya friji ya kantini."

Akaenda akaisukuma friji peke yake. Nilisikia chupa zinagongana. Mimi nilikuwa na shughuli nyingi, sikuweza kumzuia; nilikuwa nakunywa kahawa. Akarudi na vumbi hadi kwenye nyusi.

"Kifungu cha tisa. Ubatizo, hata wa zamani?"

"Ubatizo hauna tarehe ya kuisha, mama."

Hakusema asante. Aliondoka mbio kuelekea parokiani, na bibingka za siku ile ziliungua zote. Kamati ilishinda njaa.

Hapa inabidi niseme jambo kuhusu siasa zetu. Kwetu mgombea hagawi vipeperushi, anabatiza. Mtoto akizaliwa, mgombea anasimama kuwa Ninong, yaani baba wa ubatizo. Mtoto akikua anaoa, Ninong ni yuleyule. Na mzazi aliyekupa mwanawe umsimamie anakuita kumpare maisha yake yote, na huna pa kukimbilia. Mheshimiwa Malabrigo alikuwa ameshinda chaguzi saba. Mwaka aliogombea udiwani kwa mara ya kwanza alisimamia watoto mia mbili na kumi na wawili asubuhi moja, akalala kwenye benchi kati ya wa tisini na wa mia. Mmoja wao alikuwa Rodel.

Siku ya kupitisha azimio tulikutana kwenye uwanja wa mpira wa kikapu, ule wenye paa. Pansit, tambi zetu za kukaanga, ilikuwa kwenye sinia, soda kwenye barafu. Mjumbe wa Mbunge alisubiri nje ndani ya gari, injini ikinguruma, kwa sababu waraka ulikuwa unafungwa saa kumi kamili jioni. Rodel aliletwa na pingu, maana kanuni zilimtaka mhusika awepo ili asije akasema hakushirikishwa.

Meya alihutubia. Alisema jamii ni mwili, na mwili wenye jipu hauna budi kutumbuliwa. Alikuwa anaelekea kwenye usaha Rodel alipopita mbele, akaukamata mkono wake kwa mikono yote miwili yenye minyororo, akaupeleka kwenye paji la uso wake, kama mtoto anavyomwamkia mkubwa.

"Nibariki, Ninong."

Mkono wa mwanasiasa una mazoea yake. "Mungu akubariki, mwanangu," Meya akasema, na mkono wa pili ukaanza kupapasa mfukoni kutafuta noti, kama siku ya Krismasi Ninong anapowapa watoto wake zawadi. Watu elfu mbili walisikia. Ndipo Mama Luming akainua juu cheti cha ubatizo.

"Daraja gani hilo, Katibu?" akauliza.

"La kwanza," nikasema. Sikuwa na namna. Ilikuwa kweli.

"Sawa, mfute huyo," Meya akaninong'oneza, jasho likianza. "Andika mwingine. Huyo muuza samaki mwenye kisu."

"Mimi?" akafoka muuza samaki. "Kumpare, umesahau mapacha wangu uliowabatiza?"

"Basi huyo kinyozi."

"Ulisimamia harusi yangu, Ninong! Zote mbili!"

Foleni ikajipanga yenyewe. Ilizunguka uwanja, ikatoka nje, ikapita kituo cha polisi na kuwazoa askari, kwa kuwa nao walikuwa na vyeti. Kila mmoja aliushika mkono wa Meya, akauweka kwenye paji, akasimama kando kama ndugu. Aliyekuwa hana cheti alikuwa na mke mwenye cheti. Padre alitoka mkoa mwingine, tukadhani tumempata. Kaka yake alikuwa amemwoa binamu wa Meya. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye babu yake alitoka Xiamen kule Uchina, alileta wanawe wanne wakiwa wamepangwa kwa urefu. Nami nikaushika ule mkono. Umri wangu na wake havikupishana sana, lakini harusi yangu ya pili aliisimamia yeye, na kazi ni kazi.

Saa tisa na nusu nilifunga hesabu ya majina na kusoma matokeo kwenye kipaza sauti, kama taratibu zinavyotaka. Wakazi wazima wa Santa Rufina: elfu kumi na moja, mia nne na sita. Ndugu wa Meya hadi daraja la nne: elfu kumi na moja, mia nne na tano.

"Aliyebaki ni nani?" akauliza Meya kwa furaha. "Huyo huyo! Mwandike!"

"Ni wewe, Mheshimiwa."

"Mimi vipi?"

"Kifungu kinalinda ndugu wa Meya. Mtu si ndugu wa nafsi yake."

Meya akachungulia daftari kwa macho yake.

"Kifute kifungu," akasema.

Mbele kabisa alikaa dada yake, Doña Remedios, mama wa Jonjon, na feni yake ya mkono. Aliifunga, pa! "Teofisto. Kifute nikuone."

"Basi ongeza: *na Meya mwenyewe*."

"Nyongeza inahitaji tangazo la siku kumi na kura za madiwani," nikasema. Makamu wa Meya, mwanaubatizo wake mpendwa, ndiye ambaye angekalia kiti kikiwa wazi. Aliinua kidole akaomba tukisome kifungu upya polepole, neno kwa neno, bila pupa. Alikuwa na subira ya ajabu siku ile.

"Mimi nina kosa gani lakini?" Meya akasema. "Asiye na kosa anaogopa nini?"

Watu wengi tu waligeuza shingo kwa pamoja kutazama lile daraja jipya la zege lililojengwa mahali pasipo na mto. Nalo, katika orodha ya makosa ya muswada, lilikuwa na nafasi yake, chini ya uporaji wa fedha za umma.

Mama Luming alimsogelea. Hakupaza sauti, lakini kipaza sauti changu kilikuwa wazi, na sikukumbuka kukizima.

"Kumpare, mzani unaweza kukosea. Shahidi anaweza kukosea. Mwanangu angelala kwenye kile kitanda chako kwa ajili ya chupa ya mchuzi wa samaki. Baada ya hapo mngerekebisha wapi?"

"Una kalamu?" Meya akamuuliza.

Azimio la kupinga liliandikwa na mwanamke huyo mgongoni mwa kinyozi, likatiwa sahihi na Meya kabla ya mtu mwingine yeyote, na kufika kwenye gari la mjumbe dakika tatu kabla ya saa kumi. Mji wa saba ukawa umepinga. Mbunge alipiga kura alivyoahidi. Kipakiti kikapimwa tena, peke yake bila chupa, kwa amri ya Ninong. Mzani haukutikisika, na Rodel akarudi kwenye bajaji. Siku hizi Jonjon akimsimamisha, hasimami.

Jumapili iliyofuata yalifanyika maandamano ya kwanza ya kweli dhidi ya adhabu ya kifo mjini kwetu. Mama Luming alitangulia. Meya alikuwa bega kwa bega naye, na mshumaa uliokuwa unamdondokea vidoleni, akilia kwa sauti kwamba uhai ni mtakatifu na mahakama ni za binadamu.

Mwandishi wa redio alimchomekea maikrofoni. "Mheshimiwa, mwezi uliopita ulisema majipu yatumbuliwe. Leo tukuelewe vipi?"

Meya akafuta machozi kwa kiganja.

"Mwezi uliopita nilisema kama Meya," akasema. "Leo nasema kama jipu."