Waraka wa Kujua Kijapani Kabla ya Chai

"Kuanzia Jumatatu, watumishi wote wa Ofisi ya Itifaki, Ugeni na Makaribisho watazungumza Kijapani kwa muda wa siku tisa. Mtumishi asiyejua Kijapani anaelekezwa kukijua kabla ya chai ya saa nne."

Ndivyo ulivyosema waraka uliobandikwa kwenye mlango wa ofisi hiyo, mjini Musoma. Aliyeuandika ni Baltazari, Kaimu Afisa Itifaki. Hilo neno Kaimu lilikuwa limekaa mbele ya cheo chake mwaka wa tisa sasa, na lilikuwa halina dalili ya kuondoka. Mkurugenzi wake, Bwana Machage, alimwahidi kwamba mgeni wa kutoka Japani akipokelewa vizuri, Kaimu litafutwa. Baltazari aliitaka ahadi hiyo kuliko nyongeza ya mshahara, kwa sababu hata mkewe alishaanza kumwita Kaimu mbele ya mashemeji.

Mgeni mwenyewe alikuwa Mama Okubo wa Osaka. Alikuwa anakuja kuona mashine ndogo ya kuchambua pamba ambayo chama chake cha huko kiliwatumia akina mama wa Bunda wanaoshona mito na magodoro. Mashine ilifika salama miaka minne iliyopita. Mpaka siku ya waraka ilikuwa bado salama kabisa, ndani ya sanduku lake la mbao. Ofisi iliunda Kamati ya Kufungua Sanduku, nayo ilikutana mara kumi na moja. Kikao pekee kilichotimiza akidi kilitumia siku nzima kujadili kama sanduku lifunguliwe kwa juu au kwa ubavuni, na kikaahirishwa kwa heshima ya pande zote mbili.

Mama yake Baltazari, Bibi Nyamburi, alikuwa mmoja wa wale akina mama. Kwa miaka minne hiyo aliendelea kutoa mbegu za pamba kwa vidole, moja moja, na mwanawe alipunguza kwenda Bunda kwa sababu za kikazi.

Sasa mkalimani atoke wapi? Aliyejibu swali hilo ni Matrida, binti wa masijala.

"Kuna dada mmoja mtaa wa Kitaji, msusi, anaitwa Rhobi," alisema. "Yeye na wenzake wanaangaliaga katuni za Kijapani mpaka bando linakata. Wakikutana wanasalimianaga Kijapani, wateja wanabaki kutoa macho tu."

Baltazari alikwenda Kitaji siku hiyohiyo akiwa na tai. Alimkuta Rhobi anamsuka mteja, simu imeegemezwa kwenye kopo la mafuta, na kijana wa katuni anapiga kelele ndani yake.

"Shikamoo baba," Rhobi alisema bila kuachia nywele. "Karibu. Kijapani cha taarifa ya habari hatujakifikia. Sisi tunajuaga cha mtaani."

Akamwonyesha kaunta buku. Lilikuwa na safu tatu, zimepigwa mistari kwa rula: Neno, Maana, na Nani Anasema. Hiyo ya tatu ndiyo Rhobi na wenzake waliyokuwa wakiigombania jioni nzima. Walisimamisha picha, wakarudisha nyuma, wakasikiliza tena, mmoja akasema huyu ni mhuni, mwingine akabisha kwamba ni mtoto wa tajiri anayejifanya mhuni.

"Wajapani wana 'mimi' nyingi, baba," Rhobi alieleza. "Kijana mpole anasema *boku*. Mzee wa shamba, kama babu yangu wa Butiama, anasema *washi*. Na hawa wa Osaka wanaongea kivyao, wanavuta maneno na wanataniana mno. Mtu wa Tokyo anawasikiaga kama mtu wa Dar anavyotusikiaga sisi."

Baltazari aliguswa. Aliliazima daftari kiserikali, yaani aliondoka nalo.

Ofisini, kazi ya kulihakiki ilifanyika kwa umakini mkubwa. Maneno yote yalihamishiwa kwenye fomu rasmi. Fomu rasmi ilikuwa na safu mbili. Safu ya tatu ilipojadiliwa, ilionekana kwamba kuongeza safu kunahitaji kibali cha kurekebisha fomu, na kibali huchukua miezi saba. Kwa hiyo Nani Anasema iliachwa nje, na Kijapani kikawa chepesi zaidi.

Kisha "mimi" ziligawiwa kwa kufuata muundo wa utumishi. Bwana Machage alichukua ndefu kuliko zote, *ore-sama*, maana haiwezekani Mkurugenzi awe na mimi fupi kuliko ya dereva. Matrida, mwenye umri wa miaka ishirini na minne, alipangiwa *washi*. Baltazari alipewa *boku*, na akaambiwa ataitumia kwa kukaimu.

Rhobi alipoitwa kuwasikiliza, alishika kichwa.

"Bosi, samahani. Hilo *ore-sama* anasemaga jambazi mkuu kwenye katuni, akiwa amesimama juu ya paa anajisifu. Ni kama kusema 'mimi mtukufu.'"

"Mtukufu?" Machage aliuliza.

"Ndiyo, lakini—"

"Limepitishwa," alisema Machage.

Siku ya ugeni, watumishi walijipanga mbele ya ghala la pamba kule Bunda, Rhobi akiwa kando yao kama mkalimani. Akina mama walikaa kwenye viti vya plastiki, Bibi Nyamburi safu ya pili. Sanduku lilipakwa rangi upya na kufungwa utepe. Baltazari alikuwa na hotuba ya Mkurugenzi ndani ya faili, aliyoiandika kwa siku tano, na moyo ulimdunda kama wa bwana harusi.

Gari likasimama. Akashuka mwanamke mfupi wa miaka sitini na kitu, mwenye kofia ya jua. Bwana Machage akapiga hatua tatu mbele, akatanua kifua.

"*Ossu!*" akanguruma kwa salamu ya wahuni wa katuni. "*Ore-sama*, Machage!"

Matrida akainama na kujitambulisha kama mzee wa shamba. Baltazari akajitambulisha kama kijana mpole.

Mama Okubo alibaki ameshika mlango wa gari. Mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka mpaka kofia ikamtoka, akafuta machozi, kisha akasema kwa Kiswahili:

"Mungu wangu! Haya maneno mlifundishwaga na nani?"

Ikabainika kwamba Mama Okubo alifundisha ushonaji hapohapo Bunda zamani, miaka miwili, na Kiswahili chake alikichuma gulioni. Kabla ya safari aliiandikia ofisi barua ndefu kueleza hayo. Ilikuwa ya Kiswahili. Masijala waliiona ina stempu ya Japani, wakaiweka bila kuifungua kwenye faili la Zinazosubiri Kutafsiriwa, na mpaka siku hiyo ilikuwa inasubiri.

Akina mama walishangilia. Baltazari alikausha jasho. Bado kulikuwa na hotuba, na hotuba ilikuwa nzuri.

"Ndugu mgeni," Machage alianza kusoma, "mradi huu mtambuka umepitia upembuzi yakinifu kwa kuzingatia hadidu za rejea."

Mama Okubo alikunja uso. Akamwinamia Rhobi.

"Binti, hii ni lugha gani? Kikurya?"

"Hapana mama. Ni Kiswahili cha ofisini."

"Mimi nilikuwaga sokoni tu. Nitafsirie."

Rhobi akamtazama Machage. Machage, ambaye ndiye aliyeidhinisha posho ya mkalimani, akatikisa kichwa kukubali.

"Anasema walikuja kuliangalia sanduku," Rhobi alitafsiri.

"Kutokana na changamoto za akidi, utekelezaji ulihuishwa kwa awamu."

"Anasema wajumbe hawakufika kikaoni. Wakapanga siku nyingine ya kutofika."

"Aidha, wanufaika walijengewa uwezo wa kupokea matokeo tarajiwa."

"Anasema hawa mama waliitwa semina, wakaambiwa wasubiri."

"Kweli kabisa!" alidakia mama mmoja. "Na soda tulipewa!"

Kicheko kikazagaa. Machage alicheka pia, kwa sababu Mkurugenzi hawezi kuachwa nyuma na shughuli yake mwenyewe. Akageuza ukurasa.

"Kwa sasa tupo katika uratibu shirikishi wa utayari endelevu."

Sentensi hiyo ndiyo iliyokuwa fahari ya Baltazari. Peke yake ilimla siku mbili.

"Hii imenishinda," Rhobi alisema. Akamgeukia Baltazari. "Baba, wewe ndiye uliyeandika. Inamaanisha nini?"

Watu wote wakamwangalia Kaimu Afisa Itifaki. Machage alimwangalia kuliko wote, na jicho lake lilikuwa limebeba miaka tisa iliyopita na mingine inayokuja. Baltazari alikuwa na majibu matatu tayari, yote mazuri, yote yasiyoeleweka. Kisha akamwona mama yake. Bibi Nyamburi alikuwa amekuja na kikapu cha pamba, na wakati hotuba inaendelea vidole vyake vilikuwa havijaacha kutoa mbegu. Kucha zilikuwa zimepasuka. Aibu ilimpanda Baltazari mpaka masikioni.

"Haimaanishi kitu," alisema. "Nilitaka mstari ujae."

Upepo ukapuliza utepe.

"Sasa hicho nimekielewa," alisema Mama Okubo, akavua koti. "Nani ana mtaimbo?"

Mtaimbo ulipatikana kwa fundi wa jirani. Sanduku lilifunguliwa kwa juu na kwa ubavuni kwa pamoja, kwa dakika sita, na Bwana Machage aliyekuwa amesimama karibu alijikuta anakabidhiwa misumari aishike. Mashine ilitoka inang'aa kwa grisi. Bibi Nyamburi akaweka kiganja cha pamba, Mama Okubo akazungusha mkono wa mashine, nyuzi zikaenda huku na mbegu zikaanguka kule, na akina mama wakapiga vigelegele mpaka kuku wa jirani wakakimbia. Baltazari alipiga makofi huku anajua kabisa kwamba ameshajimaliza, na hakuacha kupiga.

Machage alimvuta pembeni, nyuma ya ghala.

"Kaimu! Umenivua nguo mbele ya mgeni. Kesho saa mbili nataka barua ya kujieleza mezani kwangu."

"Sawa, bosi," alisema Baltazari. "Niandike kwa lugha gani?"

Bwana Machage alitazama kushoto, akatazama kulia, misumari imejaa mikononi, kisha akashusha sauti.

"Andika Kiswahili cha kawaida. Hicho kingine mimi sikielewagi."