Mwezi Mpevu na Shimo la Tope

Jumamosi, 1 Novemba

Siku kubwa! Mzee Leonardi, mwenye nyumba ya wageni tunayoijenga mteremkoni juu ya ufukwe wa wavuvi wa Katonga, katangaza mbele ya mafundi wote: Bwana Rodgers wa mazingira anakuja kutukagua Jumatatu ya tarehe kumi. Tope letu lisipoonekana ufukweni, mimi ni msimamizi mpaka siku ya kuezeka. Likionekana, cheo kinakwenda kwa Elinipa.

Elinipa ni msaidizi wangu. Katoka Same na diploma yake. Anataka kitambaa cha kuzuia tope kisimamishwe kwa vigingi, upindo wa chini ufukiwe ardhini. Anataka vifusi vifunikwe turubai. Anataka lile shimo la kutulizia tope lizolewe kila likifika nusu. Kila likifika nusu! Nikamwambia mvua za Kigoma nimezaliwa nazo. Akasema sawa, bosi. Sikuipenda ile "sawa".

Jumapili, 2 Novemba

Wazo limenijia kanisani, katikati ya mahubiri. Kitambaa cha nini, na Katonga imejaa nyavu kuukuu za dagaa? Tundu ambalo dagaa hapiti, tope litapitaje? Nimezifunga mwenyewe baada ya ibada. Kufukia chini nimeacha, ni kujichosha bure. Zinanuka kidogo.

Jumatatu, 3 Novemba

Paka. Sikuwafikiria paka. Wamekuja wa mtaa mzima, wamelamba nyavu, wamezipanda, wamelaza vigingi. Kisha mvua ikashuka na tope likapita chini ya zile zilizobaki, huru kabisa, mpaka kwenye mchanga ambako akina mama wanaanika dagaa.

Mama Restituta, mwenyekiti wao, alipanda mlima na beseni kichwani. Dagaa rangi ya matofali. Akanisalimu "Mwakeye" vizuri tu, halafu akaniuliza kama mimi ningewala. Akasema likishuka tena hatangoja ukaguzi, atamfuata Rodgers mwenyewe. Nikaomba radhi mpaka nikachoka. Akasema hasira ni hasira na shughuli ni shughuli, kwa hiyo Ijumaa nisikose, sare ni kijani. Shughuli gani, sikushika vizuri. Nilikuwa natafuta pa kuficha nyavu.

Jumatano, 5 Novemba

Shimo limejaa pomoni. Elinipa kasema lizolewe leo, maana shimo lililojaa halizuii kitu. Mafundi walilitazama, wakatazamana, na kila mmoja akakumbuka msiba wa kwenda. Nikajaribu mwenyewe. Tope zito kama ugali wa jana. Nimezoa toroli moja, mgongo ukakataa.

Mzee Leonardi akapita. Kasema Jumamosi ya wiki ijayo tusimtafute, anakwenda kukabidhi kombe la mpira uwanja wa shule, hapo bondeni nyuma ya jengo letu. Sawa, Mzee.

Na jioni, nikiwa nimekaa nje na mgongo wangu, nikainua macho. Mwezi mpevu! Nikaruka kitini. Mwezi ukiwaka, taa za wavuvi hazivuti dagaa, mitumbwi inalala. Hakuna mitumbwi, hakuna dagaa. Hakuna dagaa, hakuna mtu ufukweni! Ijumaa mchana nalilegeza tope kwa maji, nazibua shimo, linafuata mfereji wa mvua, linatandazika kwenye mchanga mtupu, ziwa linafagia Jumamosi na Jumapili. Jumatatu Rodgers anakuta shimo safi kama sahani. Na mimi ni msimamizi mpaka kuezeka!

Nimecheka peke yangu. Winfrida, mke wangu, kaniuliza kulikoni. Sikumwambia. Yuko kwenye cherehani, anashona gauni la kijani. Mambo ya kwaya, nadhani.

Ijumaa, 7 Novemba, mchana

Nimezibua! Elinipa nimemtuma mjini kufuata misumari. Mafundi wameomba kuondoka mapema, wote, wameoga na kupendeza. Nimewaruhusu, mashahidi wa nini? Tope linashuka kwa mngurumo mtamu. Hii ndiyo kazi ya akili.

Ijumaa hiyohiyo, jioni

Winfrida hasemi na mimi.

Kumbe watu wa Katonga huozesha siku za mbalamwezi. Tangu zamani. Wavuvi wako nyumbani, mchanga hauna dagaa, ndipo panapofungwa turubai. Leo ilikuwa sendi-ofu ya Happiness, binti wa Mama Restituta. Viti vya utepe wa kijani, spika, mabibi wamekaa mbele. Tope liliingia keki ikikatwa.

Rodgers ni mjomba wa bwana harusi. Alikuwa meza kuu, pembeni ya Mzee Leonardi. Akainuka, akapandisha suruali, akaufuata mfereji kwa miguu mpaka juu, akanikuta na mtaimbo mkononi kando ya shimo tupu. Nikamwambia ni mvua. Akatazama juu. Jua lilikuwa linawaka.

Winfrida alimfuata nyuma, kijani mpaka magotini, chini ya hapo matofali. Kasema nyie wakulima wa Simbo mwezi mnaoujua ni wa kupandia mihogo tu. Nimeona aibu. Hasa kwa yule binti, alilia na shela kichwani.

Jumatatu, 10 Novemba

Ukaguzi umepita. Elinipa ndiye msimamizi. Kitambaa kimefukiwa, vifusi vimefunikwa, Rodgers kampa mkono. Mimi jana nimeosha viti vyote vya Mama Restituta, na leo nimekabidhiwa toroli. Kazi yangu ni kuzoa shimo kila likifika nusu. Elinipa kaniambia pole, kaka. Sikuipenda ile "pole".

Jumatano, 12 Novemba

Mvua ya jana! Shimo limefika nusu. Nimezoa asubuhi, nimezoa mchana, mgongo unaimba.

Lakini wazo! Katonga siigusi tena, somo hilo limeniingia barabara. Nyuma ya jengo, bondeni, kuna uwanja wa shule: mpana, tambarare, umejaa nyasi. Jumamosi hakuna masomo. Hakuna masomo, hakuna wanafunzi. Hakuna wanafunzi, hakuna mtu! Mfereji nimeshauchimba, mwembamba, nimeufunika majani.

Winfrida kaniuliza mbona nafurahi. Sikumwambia. Na Mzee Leonardi mwenyewe hatakuwepo kazini siku hiyo, alisema ana shughuli zake mahali, kombe sijui la nini. Mungu hamtupi mja wake.